Bi Hamira na Ugonjwa Usio Wake

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye cheti tu. Mtaani, sokoni, na baadaye gerezani, kila mtu alimwita Bi Hamira, wala hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Kwanza alikuwa mwokaji mikate. Pili, popote alipoingia mambo yaliumuka. Ukimwalika harusini kama mgeni, jioni unamkuta jikoni anaamrisha wapishi. Ukimpelekea ugomvi wa watu wawili akausuluhishe, kufumba na kufumbua mtaa mzima umekaa barazani na kila mmoja ana la kusema. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema alioa mwanamke mmoja akapata bunge.

Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa mikono, mwepesi wa miguu, na afya yake ilikuwa ya kuonewa wivu. Hakuwa mtu wa kuumwaumwa. Mafua yakikosea njia yakamwingia, yalitoka yenyewe kwa aibu. Habari hii ya afya sikuitia ili kupamba maneno. Ndiyo iliyozua kizaazaa chote.

Kilichompeleka gerezani ni tingatinga. Enzi ya serikali iliyopita ilitoka amri kwamba safu ya maduka nyuma ya soko ivunjwe, pajengwe maegesho ya magari ya wakubwa. Wenye maduka hawakupewa muda wa maana wala pa kuhamia. Tingatinga lilipofika asubuhi, wanawake watatu walitoka wakasimama mbele yake. Mmoja alikuwa Bi Hamira mwenye tanuri. Wa pili alikuwa jirani yake muuza vyombo, aliyeitwa Sufuria kwa sababu mdomo wake ukianza kugonga hakuna asiyesikia. Wa tatu alikuwa fundi nguo, mdogo kwao wote kwa umri, mpole, aliyeitwa Kimya. Msimamizi wa bomoabomoa alishuka kwa hasira, akamkamata Kimya mkono amtoe njiani. Watu wakasukumana. Msimamizi akateleza kwenye minyororo ya tingatinga, akaanguka, akavunjika mguu.

Hakimu alisema hana haja ya kujua ni mkono wa nani uliosukuma, maana wanawake wale walikuwa na nia moja. Akawapa kifungo kimoja, sawasawa, kama mikate iliyotoka trei moja.

Gereza la wanawake lilikuwa na tanuri lake, kubwa, la matofali, la kuoka mikate ya wafungwa na ya askari. Bi Hamira aliwekwa huko, na haikupita wiki mikate ikaacha kutoka migumu kama soli za viatu. Kimya alikanda pamoja naye. Sufuria alipelekwa kufua. Alifua mpaka mguu wake wa kushoto ukatoka kidonda kidogo kama punje ya dengu, nacho kikakataa kupona. Nesi wa zahanati ya gereza akasema ni sukari. Kidonda kikatanuka, mguu ukavimba, ukaanza kutoa harufu, na yule Sufuria wa kupasua masikio ya watu akawa anakata maneno katikati ili apate kuvuta pumzi.

Basi serikali ile ikaangushwa kwa kura, na mwanamke aliyeapishwa kuwa Rais hakuwa mgeni kwa Bi Hamira. Walikulia ua mmoja. Utotoni Rais huyo aliitwa Kijiti kwa wembamba wake. Wawili hao waliuza mikate ya mama yake Hamira, kila mmoja na beseni lake kichwani. Ya mmoja ikiisha, alimsubiri mwenzake, hawakurudi nyumbani mpaka mabeseni yote yawe matupu. Kijiti alisoma, akawa wakili, akaingia kwenye siasa. Hamira akabaki na tanuri. Lakini urafiki wao haukuchacha. Kijiti akipata jambo zito alipitia mlango wa nyuma, akakaa juu ya gunia la unga, akalia au akacheka, akaondoka na sketi yenye vumbi jeupe. Siku ya hukumu alikuwa mahakamani, mstari wa mbele, anafuta macho.

Sufuria naye alikuwa akijuana na Kijiti, ila kwa njia nyingine. Zamani kidogo, kwenye mkutano wa hadhara pale sokoni, alisimama katikati ya hotuba akasema, "Dada, maneno yako matamu. Lakini ukishashiba utatusahau kama hao hao." Umati uliangua kicheko. Kwa muda mrefu baada ya hapo, Kijiti akipita mtaani watoto walikuwa wakimuuliza, "Umeshashiba?"

Sasa, mara baada ya kuapishwa, Rais alitangaza redioni kwamba atawasamehe baadhi ya wafungwa. Alitaja wazi ni akina nani: wagonjwa wasio na matumaini ya kupona gerezani, wazee wasiojiweza, na mama wenye watoto wachanga. Gereza zima lilipiga vigelegele. Walimtazama Sufuria wakamwambia aanze kufunga mizigo. Mtu mwenye kichanga hakuwepo, na mzee aliyekuwepo mmoja alikuwa bado anapasua kuni. Kama msamaha ungemgusa yeyote, ungeanza na ule mguu.

Siku yenyewe ilipofika, mkuu wa gereza aliwakusanya uani. Alikuwa mwanamke wa nidhamu, mrefu, mkavu wa maneno, na hakuna mfungwa aliyewahi kumshuhudia akionea mtu. Sufuria aliletwa akakalishwa kwenye kigoda, mguu umefungwa kitambaa. Mkuu wa gereza akasoma jina. Watu wakatazamana. Lilikuwa jina lile lililobaki kwenye cheti, na ilichukua muda kidogo wote kung'amua kwamba aliyeitwa ni Bi Hamira.

"Katika kundi la wagonjwa," mkuu wa gereza alimalizia, bila kuinua macho.

Kisha Sufuria akacheka kwa pumzi yake fupi. "Hamira! Unaumwa nini mwenzetu? Au ndiyo hayo mashavu?"

Wakaangua kicheko wote. Bi Hamira hakucheka. Aliona jinsi Sufuria alivyoinama haraka kujifanya anakaza kitambaa cha mguu.

Ofisini, Bi Hamira alisimama mbele ya meza, unga umemjaa mpaka viwikoni. "Afande, kuna makosa."

"Hakuna makosa. Nami nilidhani hivyo, nikapiga simu kuuliza. Nikaambiwa jina ni hilo hilo na nisiulize tena."

"Mimi naumwa nini?"

"Sijui, mama. Mimi si daktari."

"Basi mwite daktari aje anipime. Akinikuta na ugonjwa, naondoka kwa mbio."

Mkuu wa gereza aliweka kalamu chini. "Nisikilize. Nimeamriwa nifungue mlango. Mtu aliyeachiwa na Rais sina mamlaka ya kumshikilia. Nikikulaza humu hata usiku mmoja, mfungwa nitakuwa mimi. Sijasema kwamba ni haki. Nasema kwamba ufunguo si wangu."

Bi Hamira alirudi kwenye tanuri kuvua aproni. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kimya, ambaye kwa wiki nzima angeweza kusema maneno ya kujaza kijiko, akamwambia, "Nenda, mama. Huko nje una mdomo. Humu ndani tuna masikio tu."

Ndipo akatoka. Alipovuka lango alikuwa ameshakata shauri, na waliomjua Bi Hamira wanajua shauri lake likishakatwa halishoneki.

Nje alisubiriwa na binti yake, msusi wa nywele, mtoto wake wa pekee. Binti alimrukia, akamkumbatia, akalia mpaka akapata kwikwi. Walitembea wameshikana mikono kama watu wanaohofia kutenganishwa. Nyumbani kulikuwa kumefagiliwa, shuka jipya kitandani, maji ya kuoga yamepashwa. Ni hapo, mama akiwa anakausha miguu, ndipo binti aliposema kwa fahari, "Nilikwenda mwenyewe kwa mama mkubwa. Nikampigia magoti. Akaniambia nisilie, atatafuta njia."

Mama mkubwa ndiye Kijiti. Binti hakuwahi kumwita jina jingine tangu aanze kusema.

Bi Hamira alishika taulo asilipeleke kokote. "Ulimwambia naumwa?"

"Sikumwambia hivyo. Nilimwambia nakuhitaji."

"Basi wewe hukusema uongo. Ahsante, mwanangu." Akaanika taulo. "Kesho nakwenda kumwona."

"Kumshukuru?"

"Kumrudishia."

Binti hakuelewa. Alipoelewa, ilikuwa vita. Alisema mama yake ana roho ya jiwe. Alisema yeye ndiye aliyelala peke yake kwenye nyumba ile akisikiliza paka wa jirani, yeye ndiye aliyevumilia wateja wanaonong'ona "mtoto wa mfungwa" huku kichwa chao kiko mikononi mwake. "Umepewa mkono unauma vidole!"

"Mkono ungekuwa wa mtu mwingine, ningeubusu," mama yake akasema. "Huu ni wa rafiki yangu. Nataka uwe safi."

Kuonana na Rais si kama kuonana na jirani. Getini askari alimuuliza kama ana miadi.

"Sina. Mwambie Hamira amekuja kurudisha kitu alichopewa kwa makosa."

"Kitu gani? Kiache hapa, kitafika."

"Hakiachiki, mwanangu. Ni mimi mwenyewe."

Askari alimtazama juu mpaka chini, akamwelekeza kwenye benchi la wanaosubiri. Bi Hamira alikaa mpaka jua likahama ukutani. Hakuitwa. Kesho yake akaja tena, na siku zilizofuata. Watu wa benchi walimzoea: kulikuwa na mzee wa shamba lililoporwa, na mjane mmoja wa mwanajeshi, na bwana mmoja mwenye suti aliyekuja kusifu tu. Askari wa geti naye alimzoea, akawa anamtolea kiti chenye mgongo. Mwishowe, kama ni askari aliyepenyeza neno au ni Rais aliyemwona kupitia kioo cha gari, haikujulikana. Aliitwa.

Chumba hakikuwa na makuu kama alivyodhani. Meza ndefu, viti, dirisha kubwa, na kikombe cha chai kilichoganda utando juu. Rais aliinuka, akamfungulia mikono. "Hamira wangu! Umekonda."

"Sijakonda. Niangalie vizuri, ndicho kilichonileta. Naumwa nini?"

Rais alicheka. Halafu aliacha kucheka. "Kaa kwanza."

"Nikikaa utanipa chai, nikinywa chai nitalegea. Niambie ninaumwa nini, Kijiti."

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo katika chumba kile. Rais alirudi kwenye kiti chake. "Ilikuwa namna tu ya kuandika. Msamaha ulikuwa na makundi, wewe hukuingia kundi lolote. Nikakutafutia nafasi."

"Nafasi ya nani?"

Rais alipanga upya karatasi za mezani.

"Sufuria mguu unaoza. Unajua?"

"Niliambiwa anaumwa. Lakini washauri wangu walisema nikimtoa yule, watu watasema nimemwogopa. Alinitukana mbele ya umati."

"Nawe ukasemaje?"

"Sikusema kitu."

"Kijiti."

Mwenzake aliangalia kikombe cha chai. "Nilifurahi," akasema kwa sauti ndogo. "Nilifurahi kwamba wameshauri wao na si mimi. Haya, umeridhika?" Kisha sauti ikapanda. "Na isitoshe, katiba imenipa mimi kalamu hii. Msamaha si mshahara, hakuna anayeudai! Ningetaka, nisingemsamehe hata mmoja, wala asingeniuliza mtu."

"Kweli kabisa. Chakula ni chako, ukitaka unampa mtu, ukitaka unamnyima. Lakini ukisimama kibarazani ukatangaza, 'Wagonjwa wote njooni mle,' halafu mgonjwa akaja ukamfungia mlango, ukamketisha mzima ale kwa jina lake, hapo hujatoa sadaka, mwenzangu. Umedanganya watu."

"Binti yako alinipigia magoti, Hamira. Ulitaka nimfukuze?"

"Alifanya la mtoto kwa mama yake, simlaumu. Lakini Sufuria naye ana mtoto. Yule hajui hata njia ya kuyafikia hayo magoti yako."

Rais alisimama, akaenda dirishani. "Unataka nifanye nini? Nikurudishe ndani?"

"Ndiyo."

"Umerukwa na akili."

"Nirudishe. Halafu utuangalie sote kwa jicho moja, mbele za watu. Likiona sistahili kutoka, nitakaa nimalize kifungo changu. Tanuri lao nimeshalizoea."

"Nimehatarisha jina langu kwa ajili yako," Rais alisema, bila kugeuka, "na hii ndiyo ahsante yako?"

"Wa kukusifu wako tele hapo getini, nimekaa nao benchi moja. Mimi nimekuletea la kukuuma. Asiye rafiki yako asingejisumbua."

"Nenda nyumbani, Hamira," Rais akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya Rais, haikuwa ya Kijiti.

Aliondoka. Hakulia njiani, lakini alipofika kwake alikanda unga ambao hakuna aliyeuhitaji, akaukanda kwa ngumi mpaka meza ikawa inahama. Binti yake alimtazama kutoka mlangoni. Baadaye akaingia, akashika ncha ya meza isihame. Tangu jioni ile vita ilipoa.

Siku ya kutembelea wafungwa, Bi Hamira alikwenda gerezani kama mgeni. Alimkuta Sufuria amelazwa zahanati, kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, kwa sababu ya harufu. Alimlisha vipande vya mkate, akimweleza habari za sokoni na kuficha zile za Ikulu. Alikuwa bado anaeleza pale mlango ulipofunguliwa. Mkuu wa gereza aliingia akiwa amenyooka kama fimbo, na nyuma yake Rais, amevaa gauni la kawaida, na mlinzi mmoja tu aliyebaki nje.

Nesi aliangusha beseni. Sufuria alimtazama mgeni, akamtazama Bi Hamira, akamrudia mgeni.

"Samahani, Mheshimiwa, siwezi kusimama," akasema. "Mguu hauna adabu."

"Lala," Rais alisema. Akavuta kigoda, akakaa.

"Mapema nikuambie." Sufuria alikata, akavuta pumzi. "Nilichosema sokoni nilikiamini. Sikifuti. Kama kutoka kwangu kunangoja nikifute, niache hapa hapa."

Bi Hamira aliuma mdomo. Alitamani kumziba mwenzake kwa kipande cha mkate.

"Sikuja kukuomba ufute," Rais alijibu. "Nimekuja kuona mguu."

Nesi alikifungua kitambaa polepole, maana kilikuwa kimegandana na nyama. Harufu ikajaa chumba. Mkuu wa gereza aligeuza uso. Rais hakuziba pua. Aliangalia kidonda mahali kilipofika, akauliza kilianza lini, dawa gani zinapatikana, zipi hazipatikani, na kwa nini mgonjwa hakupelekwa hospitali kubwa. Nesi alijibu yote, kwanza kwa woga, kisha kwa hasira iliyokuwa imengoja siku nyingi kuulizwa. Rais alisikiliza mpaka mwisho.

"Leo hii apelekwe," akamwambia mkuu wa gereza. "Hili halihitaji msamaha. Ni matibabu tu, na alistahili tangu mwanzo."

"Sasa umeona," Sufuria akamwambia.

"Nimeona."

Alipoinuka kwenda, alimpita Bi Hamira bila neno. Lakini mlangoni alisimama. "Siku chache, Hamira. Nipe siku chache. Hukuwa peke yako kwenye jambo hili."

Maneno yale yalifahamika Rais alipozungumza redioni. Binti alikuwa anamsuka mteja. Akaacha msuko katikati, akaongeza sauti. Rais hakuzungukazunguka. Alisema msamaha wake wa kwanza haukuwa safi. Alisema yeye mwenyewe alimwingiza rafiki yake mzima katika kundi la wagonjwa, na wakubwa wengine walipoona mlango uko wazi, wakapitisha wa kwao: binamu wa waziri, mshirika wa biashara wa mtu fulani, wote wakiwa na maradhi ya kwenye karatasi. Alisema msamaha uliotolewa kwa sababu za uongo ameubatilisha, na kwamba tangu sasa kila anayeomba atasikilizwa na kamati, kwa vigezo vinavyojulikana, mlango ukiwa wazi kwa wananchi. "Aliyenionyesha kosa hili ni yule yule niliyempendelea," alisema. "Naye anarudi gerezani kwa hiari yake. Namwomba radhi, na zaidi nawaomba radhi wale waliokaa nyuma."

Mteja aligeuka na nusu ya kichwa kilichosukwa. "Huyo rafiki ni nani?"

"Mama yangu," binti alisema, na safari hii hakushusha sauti.

Kabla ya kurudi, binti alimketisha mama yake kwenye kiti cha wateja akamsuka. Alisuka mistari midogo, ya kubana, ili idumu. Bi Hamira alilalamika kwamba macho yake sasa hayafumbi. "Ndiyo vizuri," binti alisema, "uone unakokwenda." Wakacheka, halafu binti akaegemeza paji la uso juu ya kichwa kile alichokisuka, wakakaa hivyo.

Langoni mkuu wa gereza alimpokea mwenyewe. "Katika utumishi wangu wote," akasema, "nimezoea kuwazuia watu wasitoke."

Ndani, si wote waliomfurahia. Mnyapara wa tanuri, mfungwa aliyepewa kuwasimamia wenzake, alikuwa ameahidiwa na jamaa yake mkubwa serikalini kwamba msamaha ujao ni wake. Kwa hotuba ile ahadi iliyeyuka. Alimnunia Bi Hamira, akamficha ungo wa kuchekechea unga, na hakumsamehe kamwe. Kimya, kwa upande wake, alisogea tu pale mezani akamwachia nafasi yake ya zamani.

Kamati ilikuja ikakaa kwenye ukumbi wa gereza, madirisha wazi. Alikuwepo jaji mstaafu, daktari, viongozi wawili wa dini, na mama mmoja ambaye mwanawe aliuawa na majambazi. Huyo aliwekwa makusudi ili waliotendewa nao wawe na jicho pale. Sufuria ndiye aliyetangulia, akiwa bado hospitali. Daktari alisoma, wakakubaliana bila mabishano. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vimekatwa, lakini mguu ulibaki.

Ilipofika zamu ya Kimya na Bi Hamira, jaji alisema kuna mtu wanataka kumsikia kwanza. Akaingia msimamizi wa bomoabomoa, anatembea kwa mkongojo.

Bi Hamira aliutazama mkongojo. Katika muda wote ule, uani, kwenye tanuri, kwenye benchi la Ikulu, alikuwa amefikiria haki ya Sufuria, haki ya Kimya, hata haki ya mnyapara. Mguu huu hakuufikiria.

"Nilisukumwa," yule bwana alisema. "Sitadanganya. Nilisukumwa, nikavunjika, kazi ikanipotea, na tangu siku ile hakuna aliyekuja kuuliza mguu wangu unaendeleaje. Si serikali iliyonituma, si hawa." Alihamisha mkongojo, akamgeukia Kimya. "Lakini nami nilimkamata huyu binti kwa nguvu, na sikuwa na haki. Mahakamani hawakuniuliza hilo. Wangeniuliza ningesema. Mkiniuliza mimi, kifungo walichokaa kinatosha."

Jaji alimuuliza Bi Hamira kama ana la kusema. Alikuwa ameandaa hotuba nzima. Aliiacha, akamgeukia msimamizi.

"Bwana," akasema, "ni kweli sikuja kukuuliza. Sijui ni mkono wangu au si wangu, lakini nilikuwepo, na ulipoanguka nilifurahi. Nisamehe. Mguu unaendeleaje?"

"Ukiona mawingu unauma," msimamizi alijibu.

Kamati ilijitenga, ikarudi, ikawaachia wote wawili. Maombi mengine ilikataa, la mnyapara likiwemo, na sababu ilisomwa mbele ya wote: alikuwa ametapeli wajane, na hakuna hata mmoja aliyerudishiwa chake.

Bi Hamira alifungua tanuri jipya mtaa wa pili, binti akiwa na saluni upande wa mbele, hata wateja wakawa wanatoka wamesukwa na wananukia mkate. Sufuria aliuza vyombo akiwa ameketi, na alipopata nguvu alisimama kwenye mikutano ya hadhara akaendelea kumpa Rais maneno yake. Safari moja Rais alimjibu, wakabishana kuhusu bei ya maji mbele ya umati mzima, na wote wawili walionekana kuburudika.

Kijiti mwenyewe alikawia kuja. Urafiki uliopigwa namna ile hauumuki siku moja. Alipokuja alipita mlango wa nyuma, akatafuta gunia la kukalia. Walizungumza habari za watoto na za magoti yanayouma. Kisha akasema lililomleta: mjumbe mmoja wa kamati amestaafu, na anataka Hamira akae nafasi hiyo.

Bi Hamira aliendelea kukata madonge ya unga, akiyapanga kwenye trei. "Hapana."

"Kwa nini? Hakuna anayelijua jambo hili kama wewe."

"Nimekaa mle ndani, Kijiti. Nusu ya wale ni rafiki zangu, na mmoja ni adui yangu. Unadhani nitaacha kuwapendelea?" Akampokeza trei. "Tafuta mtu asiyejuana na yeyote. Na hiyo iingize tanurini, taratibu, mlango una moto."

Rais akakunja mikono ya gauni lake, akaiingiza trei.